Mpiga Ana Jina, Mpigwa Je?

Dorothea Lange, mpigapicha wa Marekani, hakuyaona maonyesho yake. Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, MoMA, yaliyafungua Januari 1966, na yeye alikuwa amefariki Oktoba 11, 1965, kwa saratani ya umio, akiwa na miaka 70. Miezi yake ya mwisho aliitumia kuchambua picha za zaidi ya miaka 40 pamoja na John Szarkowski, mkuu wa idara ya picha, akijua kabisa kwamba anashindana na saa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa makumbusho hayo kumpa mwanamke mpigapicha maonyesho ya kazi za maisha yake yote. Tangu hapo kuta zimemfungukia: Barbican ya London mwaka 2018, MoMA kwa mara nyingine Februari 2020 (korona ikayafungia milango mwezi uliofuata), National Gallery of Art ya Washington kuanzia Novemba 2023.

Heshima hiyo anaistahili, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na namna tunavyoyapima maonyesho ya aina hii. Husifiwa kwa mwanga wa ukumbi, kwa wingi wa picha, kwa jinsi yanavyotuonyesha safari ya msanii. Lakini Lange alisafiri mashambani kupiga picha za watu waliofilisika, akilipwa mshahara na serikali ili watu hao wasaidiwe. Maonyesho yake yanapaswa kuulizwa yamewatendeaje watu hao, na mahali pa kutazama jibu si kwenye picha yenyewe. Ni kwenye kile kikaratasi kidogo kando yake: kimeandika nini, kwa maneno ya nani, na kimenyamazia nini.

Kiswahili kinatusaidia hapa bila kukusudia. Tunasema kupiga picha. Anayeshika kamera hupiga. Aliye mbele yake hupigwa, kama mtu apigwavyo chapa, au kofi. Lugha imeshakiri kwamba kuna mtenda na mtendwa. Makumbusho, kwa mazoea yake, humtukuza mtenda.

Na hadithi ya mtenda huyu inanoga. Alizaliwa Hoboken, New Jersey, mwaka 1895. Akiwa na miaka saba aliugua polio, akachechemea maisha yake yote. Mwenyewe alisema ulemavu huo ulimfunza, ulimsaidia, na ulimdhalilisha. Baba alipoiacha familia, binti alilitupa jina lake na kuchukua la ukoo wa mama. Akafungua studio San Francisco, akawa anapiga picha za matajiri. Kisha Mdororo Mkuu wa Uchumi ukaja, na mwaka 1933 akashuka mtaani kwenda kwenye foleni ya waliokuwa wakisubiri chakula cha bure, akarudi na picha ya mzee mmoja aliyeupa umati mgongo, kikombe cha bati kati ya mikono yake. Maonyesho mengi huanzia hapo. Ni kweli tupu, na bado ni hadithi ya mpiga.

Hadithi isiyosimuliwa sana ni ya kazi aliyoifanya na Paul Taylor, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliyekuja kuwa mume wake mwaka 1935. Taylor alikuwa mtafiti wa vibarua wanaohama na alijua thamani ya maneno ya mtu kama yalivyotoka mdomoni. Lange akaishika tabia hiyo. Alizungumza na watu kwanza, akapiga picha, kisha akajikokota haraka hadi kwenye gari kuandika walichosema kabla hakijamtoka kichwani: mshahara ni kiasi gani kwa kila pauni mia ya pamba, ametoka wapi, trekta iling'oa familia ngapi. Mwaka 1939 wawili hao walipotoa kitabu chao kuhusu uhamaji huo, hata karatasi za ndani ya jalada walizijaza kauli za wakulima. Picha na neno kwao vilikuwa kama jembe na mpini.

Tuchukue picha moja ili tusibaki kwenye nadharia. Juni 1938, karibu na Childress, Texas, Lange alimpiga picha mke wa kibarua mwenye watoto watatu. Kamera iko chini, mwanamke anasimama juu ya upeo wa macho, nyuma yake hakuna kitu ila anga. Mkono mmoja kaupandisha kwenye paji la uso, mwingine shingoni. Ni picha nzuri kupindukia, na hapo ndipo balaa lilipo. Ukiitundika peke yake na kuipa jina la jumla, kama alivyokuja kuitwa, Mwanamke wa Nyanda za Juu, utaona huzuni ya milele, kitu kama sanamu ya kale. Utaondoka umeguswa na hujajua lolote.

Ila Lange alikuwa ameandika aliyoyasikia. Mwanamke yule alisema hawajapata kazi tangu Machi. Kosa lao kubwa lilikuwa kuuza gari. Iliwabidi waliuze ili wale, na sasa hawawezi kuondoka. Theluji ilipoanguka Aprili, walichoma maharage ili wapate joto. Msaada wa serikali haupatikani mpaka uwe umeishi hapo mwaka mzima. Hata kuzikwa hawakusaidii. Kisha ikaja sentensi ambayo ingetosha kusimama peke yake ukutani: ukifa, umekufa, basi.

Huyo si sanamu tena. Ni mtu anayejua hasa kinachomuua: sheria ya ukaazi wa mwaka mmoja, gari lililouzwa, shamba lisilo na kazi. Mkono ule wa kwenye paji unageuka kutoka huzuni kuwa hesabu. Anapiga mahesabu yasiyotoka. Na mtazamaji naye hupata kitu cha kukasirikia, kwa sababu anga haina wa kumlaumu lakini sheria inaye. Kuitundika picha hiyo bila maneno yake ni kumrudisha kwenye anga.

MoMA ya mwaka 2020 ililielewa jambo hili. Maonyesho yaliandaliwa kwa kuzungukia neno na picha, na vitabu na magazeti ambamo picha zilitokea kwanza vilipewa nafasi. Mratibu wake, Sarah Meister, alitegemea imani ya Lange mwenyewe kwamba picha yoyote inaweza kuimarishwa na maneno. Kwamba makumbusho yalichukua zaidi ya nusu karne kulifanya hilo kuwa kiini cha maonyesho, hilo nalo ni habari.

Sasa twende Nipomo, California, maana hakuna anayeandika juu ya Lange akaikwepa Nipomo.

Machi 1936, akirudi nyumbani baada ya mwezi mzima wa kazi, mvua ikinyesha, Lange aliona kibao cha kambi ya wachuma njegere kando ya barabara. Alikipita. Akaendesha maili 20 akibishana na nafsi yake, kisha akageuza gari. Baridi ilikuwa imeua njegere shambani na watu 2,500 hivi walikuwa wamekwama bila kazi. Kwenye hema la pembezoni alimkuta mama na watoto wake. Akapiga picha kadhaa akizidi kusogea, dakika kumi hivi, akaondoka. Picha ya mwisho ndiyo dunia inayoijua: mama mkono shavuni, watoto wawili wamegeuza nyuso, mtoto mchanga amelala mapajani. Gazeti la San Francisco News lilichapisha habari hiyo, na serikali ikakimbiza pauni 20,000 za chakula kambini. Mama yule na wanawe walikuwa wameshaondoka.

Kwa kumbukumbu yake mwenyewe, iliyochapishwa mwaka 1960, Lange alikiri kwamba siku hiyo hakumuuliza mama huyo jina wala historia yake. Aliandika tu kwamba alikuwa na miaka 32 na kwamba familia ilikuwa imeuza matairi ya gari ili ipate chakula. Mwaka 1978 mama mwenyewe alijitokeza kupitia gazeti la mji wa Modesto, California. Aliitwa Florence Owens Thompson. Alisema hakuwahi kupata hata senti moja kutokana na picha ile na angetamani isingepigwa. Mwanawe mmoja alikanusha habari ya matairi: hawakuwa na matairi ya kuuza, waliyokuwa nayo yalikuwa kwenye gari, na ndiyo waliyoondokea. Kubwa zaidi, Thompson alikuwa Mcherokee, mmoja wa wenyeji wa asili wa Marekani. Kwa miaka 42 Marekani ilikuwa imemtazama kama mama mzungu masikini, sura ya taifa lake yenyewe iliyopatwa na shida, kumbe ni binti wa watu ambao taifa hilohilo liliwanyang'anya ardhi.

Tazama kinaya hiki. Picha iliyoiteka dunia kuliko zote za Lange ndiyo aliyoiandikia hovyo kuliko nyingi. Siku ile alikuwa amechoka, ana hamu ya kufika kwake, na ule utaratibu wake wa kuzungumza kwanza ulimponyoka. Sidhani kama ni sadfa. Naamini ukimya ule ndio uliosaidia kuifanya picha iwe maarufu. Mama asiye na jina anaweza kuwa mama wa yeyote. Mama asiye na kabila anaweza kupachikwa lolote. Asiyesema kitu hawezi kukupinga. Yule wa Childress, mwenye maneno yake makali kuhusu msaada na maziko, ni mgumu kuvalisha mavazi ya mwingine. Wa Nipomo alikubali kila vazi kwa kuwa hakuulizwa.

Na makumbusho, kwa bahati mbaya, yanaipenda picha kwa sababu ileile. Inakaa vizuri kwenye bango la mlangoni. Inawakumbusha watu Bikira Maria na mwana, na waandishi hawachoki kulirudia hilo. Kumbe maonyesho makini yangeweza kuigeuza kuwa somo la kushindwa kwa mpigapicha, na asingepungukiwa heshima kwa hilo. Lange hakuwa malaika. Alikuwa mfanyakazi aliyechoka, aliyefanya uamuzi mwema wa kugeuza gari na uzembe wa kutouliza jina, siku moja, ndani ya dakika kumi.

Hatari nyingine ni mkasi. Mwaka huohuo wa 1936, karibu na Clarksdale, Mississippi, Lange alimpiga picha msimamizi wa shamba kubwa: mzungu mnene, mguu mmoja juu ya bampa la gari, nyuma yake kwenye baraza la duka wanaume weusi kadhaa. Pembeni kushoto anaonekana kidogo Paul Taylor, aliyekuwa akimpigisha soga. Mpangilio mzima ni maelezo ya utawala: nani amesimama mbele, nani yuko nyuma, gari ni la nani. Miaka miwili baadaye mshairi Archibald MacLeish aliitumia picha hiyo katika kitabu chake Land of the Free. Wanaume weusi walikatwa. Alibaki mzungu peke yake, na kando yake mistari kuhusu uhuru wa Mmarekani. Msimamizi wa shamba akageuka kuwa mwananchi huru wa kawaida kwa sentimita chache za karatasi. Nikipewa ukumbi mmoja tu wa kupanga, ningeziweka hizo mbili pamoja, iliyo kamili na iliyokatwa, na nisiongeze kitu kingine chochote chumbani.

Wapo watakaosema napendelea mno maandishi. Kwamba picha iachwe izungumze yenyewe, vikaratasi vinamchosha mtu, kajia kutazama si kusoma. Nakubali kwamba maandishi nayo husema uongo. Ushahidi uko kwenye kazi ya Lange mwenyewe, ile ya mwaka 1942.

Februari 19 mwaka huo, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyofungua njia ya kuwaondoa Wamarekani wenye asili ya Japani kutoka pwani ya magharibi. Watu 120,000 hivi waliishia makambini, thuluthi mbili wakiwa raia wa kuzaliwa. Idara iliyosimamia uhamisho ilimwajiri Lange apige picha za kazi hiyo, bila shaka ikitaka kumbukumbu ya utaratibu na adabu. Haikupata ilichotaka. Alikatazwa kupiga seng'enge, minara ya ulinzi na askari wenye silaha, basi akapiga waliokuwa ndani na waliokuwa wakingoja kuingia. Oakland alilikuta duka ambalo mwenye nalo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha California, alikuwa ametundika bango kubwa siku moja baada ya shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor: Mimi ni Mmarekani. Duka limefungwa, bango bado linasema. Hayo ni maneno yaliyo ndani ya picha, hakuna mhariri anayeweza kuyasahau. Picha nyingi za kazi hiyo zilizuiwa wakati wa vita, nyingine zikapigwa mhuri wa kuzuiliwa, na umma haukuziona kwa wingi mpaka miongo kadhaa baadaye.

Mei 1942, huko Hayward, alipiga picha ya familia ya Mochida ikisubiri basi. Wazazi na watoto wamevaa makoti yao mazuri, kila mmoja amening'inizwa kibandiko cha utambulisho kama mzigo wa stesheni. Maelezo yaliyoandamana na picha yanataja jina la familia, yanasema baba alikuwa na kitalu na nyumba tano za kioo za kuoteshea maua kwenye ekari mbili. Serikali iliwapa namba. Maelezo yakawarudishia jina, biashara na ukubwa wa shamba walilolazimika kuliacha. Lakini soma sentensi nyingine ya maelezo hayohayo: vibandiko, inasema, vinasaidia familia isitengane katika hatua zote za kuhamishwa. Neno la Kiingereza lililotumika ni lile la kuwaokoa watu na mafuriko au moto. Ndani ya kikaratasi kimoja, mistari michache tu, kuna ushahidi wa wizi na lugha ya kuuficha.

Kwa hiyo kunakili maelezo ya zamani na kuyabandika ukutani hakutoshi. Mratibu lazima ayasome kama anavyoisoma picha na amwambie mgeni hapa ni Lange anasema, hapa ni ofisi iliyomlipa. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchagua rangi ya ukuta.

Kisha kuna pesa, ambazo kumbi za sanaa huona haya kuzitaja. Picha ya Nipomo ilipigwa kwa mshahara wa serikali, kwa hiyo ni mali ya umma, na Lange hakuwa na haki ya kuiuza kama yake. Hilo halikuzuia nakala za zamani kupanda bei. Mwaka 1998, nakala moja yenye maandishi ya mkono wa Lange iliuzwa Sotheby's kwa dola 244,500. Mwaka huohuo posta ya Marekani iliifanya stempu ya senti 32. Thompson alikuwa ameshafariki, mwaka 1983. Katika ugonjwa wake wa mwisho wanawe waliomba msaada wa umma ili kulipia matibabu, na watu waliokumbuka picha ile wakachanga dola 35,000 hivi. Angalia kilichopanda bei kwenye mnada: karatasi ileile, iliyoongezewa mwandiko wa mpiga. Hata soko linajua kwamba maneno yana thamani, mradi yawe ya anayestahili kuuzwa.

Nalirudia suala la umma kwa sababu linabadilisha kazi ya makumbusho. Negativi, yaani filamu za awali, za mradi ule wa serikali uliomlipa Lange, takriban 175,000 za nyeusi na nyeupe, ziko Maktaba ya Bunge la Marekani, na yeyote mwenye intaneti anaweza kupakua picha za Lange bure, kwa ubora unaokuonyesha nyuzi za kola. Zamani uliingia makumbusho kwa kuwa huko ndiko picha iliko. Leo picha iko mfukoni mwako. Makumbusho yakinitundikia picha ninayoijua, ndani ya fremu nyeusi, na chini yake jina la Lange, mwaka, na aina ya karatasi, yamenipa kidogo kuliko ukurasa wa maktaba, ambao walau una maelezo ya awali. Kinachobaki kuwa kazi yao ni ujuzi: kulinganisha nakala, kuonyesha gazeti la Machi 1936 lilivyoipanga picha, kuweka sauti ya Thompson aliyozungumza uzeeni kando ya sura yake ya ujana.

Maonyesho ya Washington yalichagua mlango wa picha za sura, kuanzia studio ya matajiri hadi makambi. Ni chaguo lenye akili, kwa kuwa linaonyesha kwamba Lange aliwapa vibarua uangalifu uleule aliowapa waliomlipa. Wateja wa studio, hata hivyo, walifika kwa hiari, wakakaa walivyotaka, wakaondoka na picha zao. Hiyo ndiyo tofauti, na mwanga mzuri wa dirishani hauwezi kuifuta.

Kuna jambo moja dogo kwenye picha ya Nipomo ambalo hunirudia. Katika negativi ya awali, kona ya chini kulia, kidole gumba cha mama kinaonekana mbele kabisa, kimeushika mti wa hema. Lange alikiona kama doa, na mwaka 1939 akaagiza kifutwe kwenye negativi. Bosi wake, Roy Stryker, hakufurahi hata kidogo. Nakala zilizosafishwa wakati ule zipo kwenye makumbusho, na zile za kabla ya hapo zipo pia. Ukiikuta picha hiyo ukutani, usianzie usoni. Inama kidogo, tazama kona ile. Kama ni nakala ya baadaye, utaona ukungu mwepesi mahali kidole kilipokuwa, maana hakikufutika chote.